Swali Moja Ndani ya Sentimita Thelathini: Mhadhara Kuhusu Mifarishi Midogo ya Majaribio

(Umetolewa Bagamoyo mbele ya mafundi cherehani, wachoraji na wanafunzi wa sanaa wanaoanza zoezi la pamoja la kushona)

Ndugu zangu mafundi, wasanii, na nyote mliotoka Dunda, Magomeni na Kaole, karibuni sana.

Mfarishi ni matabaka matatu: kitambaa cha juu, kitu laini katikati, na bitana nyuma, vyote vikiunganishwa kwa mshono unaopita matabaka yote. Kitandani kazi yake ni joto. Ukutani kazi yake ni nyingine, na hilo si jambo jipya. Harriet Powers, mama aliyezaliwa utumwani huko Georgia, Marekani, mwaka 1837, alishona visa vizima vya Biblia kwa vipande vya nguo vilivyoshonewa juu ya kitambaa. Mwaka 1971 jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, New York, lilitundika mifarishi ya vitanda ukutani kama zinavyotundikwa picha, na tangu hapo mabishano kama hii ni sanaa au si sanaa yalipungua nguvu. Nasi wa pwani hatuingii kama wageni. Merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyosafiri na misafara kutoka mji huu kwenda bara katika karne ya 19 ilifumwa Massachusetts. Kaniki ilitoka India. Bagamoyo imeishi na vitambaa vya mbali kwa muda mrefu, na mafundi wake wanajua kuvishona.

Zoezi letu lina masharti manne. Kila mwezi mada moja. Kila mfarishi uishe ukiwa sentimita 30 kwa 30, usizidi wala usipungue. Kila mtu atumie kipande cha kitambaa cha pamoja, hata kama ni cha ukubwa wa stempu. Na hakuna kumwonyesha mwenzako hadi siku ya kufungua. Hili la mwisho watu hulidharau, lakini ndilo linalozuia kikundi kizima kumfuata mmoja mwenye mkono mwepesi.

Sasa niseme jambo ninalotaka mwondoke nalo. Mfarishi mdogo wa majaribio ubebe swali moja tu. Ukibadilisha rangi, tabaka la kati, aina ya uzi na namna ya kushona kwa mara moja, kazi ikipendeza hujui kilichoipendezesha, na ikiharibika hujui cha kurekebisha. Kama swali lako ni kutia rangi kwa kutu, basi mshono uwe wa kawaida na bitana iwe ya kawaida. Kama swali ni mshono, kitambaa kiwe cheupe. Sentimita 30 hazigharimu kitu kikubwa, ndiyo maana unaweza kuthubutu. Lakini ukithubutu mambo sita ndani yake, umetupa faida ya udogo wake.

Tuanze na vipimo. Kitambaa cha juu na tabaka la kati vikatwe sentimita 34 kwa 34, bitana 36 kwa 36. Kushona matabaka matatu hula kitambaa, na kadiri mistari inavyokaribiana ndivyo kinavyojivuta. Anayekata 30 kamili tangu mwanzo ataishia na 28 na nusu, na hakuna pasi itakayozirudisha. Shona kwanza, kisha nyoosha na kukata hadi 30.

Kanga ni pamba nyepesi na inafaa sana, ila ifuliwe kabla. Ina wanga wa kiwandani unaoifanya ionekane ngumu, na nyekundu na nyeusi zake huchuja. Ipime: lowesha pembe, iweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Kikipokea rangi, rudia kufua hadi maji yatoke safi. Kitenge kizito kikishonwa jirani na kanga ambayo haikufuliwa, kimoja kitarudi zaidi ya kingine siku ya kulowa, na mshono utafanya mikunjo isiyotoka. Kikoi kimefumwa kwa ulegevu, hivyo kinyooke na kubandikwa stifu nyepesi, kitambaa cha kukikaza, nyuma kabla ya kukatwa, la sivyo mraba wako utageuka mshazari mkononi.

Tabaka la kati ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu pamba ya mikeka iliyotengenezwa maalumu kwa kazi hii haipatikani kirahisi hapa. Flana ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ndiyo bora kuliko vyote. Ni nyembamba, haitelezi, inavumilia pasi. Blanketi jepesi la zamani linafaa pia, lakini chunguza limetengenezwa kwa nini: la akriliki huyeyuka chini ya pasi ya moto na kuacha doa gumu linalong'aa. Taulo ni nene mno, sindano inaruka mishono. Sponji nyembamba nayo naikataa, kwa kuwa baada ya muda hugeuka unga ndani.

Na sufi? Sufi ya msufi ni nyepesi na nzuri, lakini hujikusanya mabonge upande mmoja. Kama tabaka zima haifai. Itumieni kuinua sehemu. Shona umbo, tuseme jani au mtumbwi, kupitia kitambaa cha juu na kipande cha merikani chini yake. Kisha kata mpasuo wa sentimita 2 katika hiyo merikani, sukumia sufi kwa ncha ya chelewa hadi pembeni kabisa, funga mpasuo kwa sindano ya mkono. Baada ya hapo ndipo uweke flana na bitana. Usijaze kupita kiasi. Umbo likishiba sana, kitambaa kinacholizunguka kinavutwa na kufanya makunyanzi.

Kabla ya kushona, piga bandi, yaani shikiza matabaka kwa mishono mirefu ya muda. Mistari ya bandi iwe kila sentimita 5, ukianzia katikati kwenda nje, ili hewa na ulegevu vitoke pembeni badala ya kufungiwa ndani. Wenzetu wa mbali hutumia pini tu. Hapa hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na pini iliyosahaulika kwa siku chache huacha doa la kahawia ambalo halifuliki.

Hiyo kutu inayotuudhi inaweza kuwa rangi yetu. Chukua merikani iliyofuliwa, ilowe katika siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Izungushie misumari ya zamani, minyororo, bawaba, chochote cha chuma kilichokwisha kushika kutu. Funga kwa uzi, tia kwenye mfuko wa plastiki usipitishe hewa nyingi, acha saa 12 hadi 24. Rangi ya machungwa na kahawia itachora umbo la chuma lenyewe. Ukitaka kijivu kinachokaribia weusi, kitambaa kianze kwenye chai: vijiko vinne vya chakula vya majani katika lita moja ya maji, chemsha dakika 15, chuja, loweka saa nzima, kausha. Tanini, ule ukakasi wa chai, ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Magome ya mkoko nayo yana tanini nyingi, lakini mikoko inalindwa kisheria, msiwaharibie watoto wenu pwani kwa ajili ya doa la rangi.

Ukimaliza, suuza, loweka nusu saa katika maji yenye kijiko kimoja cha magadi kwa lita ili kuua asidi, kisha fua kwa sabuni. Hatua hii isirukwe. Asidi ikibaki, kitambaa kinaendelea kuliwa. Hata ukifanya vyote sawasawa, chuma hudhoofisha pamba polepole, basi kutu isitumike kwa kitu cha kurithiwa wala kufuliwa kila wiki. Pia inakwaruza sindano, hivyo ibadilishe mara tu mshono unapoanza kukatika. Vaeni glavu, na sufuria ya kazi hii isirudi jikoni. Binzari nayo hutoa njano ya kupendeza siku ya kwanza, lakini jua huifuta, kwa hiyo itumie pale ambapo swali lako ni kufifia kwenyewe.

Tuje kwenye cherehani. Butterfly ya kukanyaga inatosha kabisa, na kwa kweli mwendo wake wa polepole ni msaada. Kwa kushona huru, yaani unapoendesha kitambaa kila upande kwa mikono yako, meno yaliyo chini ya sindano, yanayosukuma kitambaa, yasikikamate. Kama mashine yako haishushi meno, yafunike kwa kipande cha plastiki ngumu chenye tundu la sindano, kilichobanwa kwa gundi ya karatasi, na urefu wa mshono uwe sifuri. Sindano namba 14 kwa kanga na flana, namba 16 panapoongezeka unene. Kama huna mguu wa kutarizia, banisha kazi kwenye fremu ya duara na weka vidole kwenye ukingo wa fremu tu. Sindano tupu isiyo na mguu wa kuikinga imetoboa vidole vya watu makini.

Uzi wa bobini, yaani wa chini, ukionekana juu, uzi wa juu umekazwa mno, ulegeze. Vifundo vikijaa chini, kwanza toa uzi wa juu kabisa na uutie upya ukiwa umeinua mguu, kwani mara nyingi haujaingia kwenye kikaza uzi. Mishono ikiwa mirefu hapa na mifupi pale, mikono inapishana na miguu. Sindano ikivunjika, umevuta kitambaa ikiwa bado ndani.

Kasoro inayorudi kila mara ni pembe zinazopepea kama tanga la ngalawa lisilo na upepo. Sababu yake ni msongamano: katikati mmeshona kila nusu sentimita, pembeni mmeacha nafasi ya vidole vinne. Katikati kumejivuta, pembeni kumebaki na upana wake. Tiba ni kusambaza mishono tangu mwanzo. Ikiwa imeshatokea, lowesha kazi, ilaze juu ya ubao, ibanishe pande zote kwa pini zisizoshika kutu na ikaukie hapo. Fanya hivyo tu kama rangi zako zilipimwa.

Ukanda wa kumalizia ukatwe upana sentimita 5, urefu 145, ukunjwe katikati kwa urefu wake. Ushone milimita 7 kutoka ukingoni, simama milimita 7 kabla ya pembe, kunja, endelea. Katika pembe mbili za juu, nyuma, shonea humo humo mraba wa sentimita 8 uliokunjwa pembetatu. Ufito mwembamba ukiingia kwenye mifuko hiyo miwili, kazi inaning'inia kwenye msumari mmoja bila kuonyesha kishikizo.

Nyuma andika kwa wino usiofutika: jina, mwezi, swali ulilouliza, vitambaa na rangi ulizotumia. Kazi isiyo na maandishi haya haitufundishi kitu baada ya mwaka.

Siku ya kufungua, zote zitundikwe kwa kimo kimoja. Tutatazama kimya kutoka hatua nne, kisha wengine waseme wanachokiona kabla mshonaji hajafungua mdomo. Pigeni pia picha kwa simu na kuigeuza nyeusi na nyeupe: kama umbo lenu limepotea, mlitegemea rangi na mkasahau mwanga na giza.

Mada ya mwezi wa kwanza ni Kupwa na Kujaa. Tafadhali msinichoree jahazi na mnazi. Tazameni mistari ambayo maji huacha mchangani, au chumvi inavyoganda kwenye mashamba yake, na mchague kitu kimoja. Kitambaa cha pamoja ni kaniki, imeshafuliwa mara tatu, imekatwa vipande vya sentimita 20 kwa 20 na iko kwenye meza ya mlangoni. Chukueni kimoja kimoja. Wenye swali kuhusu mashine zao wabaki, tutazifungua hapa hapa.