Mkutubi Mwandamizi Anafanya Nini Kutwa Nzima?

Ndugu Mwenyekiti, walimu, na nyinyi wanafunzi wa ukutubi mliojaa hadi kwenye ngazi: kwa wakubwa zangu, shikamoni, wadogo zangu, habari za mchana.

Barua ya mwaliko iliniuliza swali la wazi. Vitabu vimeshapangwa, katalogi iko kwenye kompyuta, wanafunzi wanasoma kwenye simu. Sasa mkutubi mwandamizi wa chuo kikuu anashinda akifanya nini?

Anaamua. Anaamua kinunuliwe nini kwa fedha isiyotosha, kitunzwe nini katika jengo lisilotosha, na nani ahudumiwe kwanza na watumishi wasiotosha. Katika kuamua huko nina msimamo, na ndio ulionileta hapa: maktaba ya chuo kikuu cha kwetu ianze na kile ambacho ikikipoteza hakitapatikana tena popote duniani. Mengine yafuate.

Siku yangu huanzia kwenye chumba cha machapisho ya Afrika Mashariki, kabla hata sijafungua barua pepe. Nasoma kipima unyevu kilichotundikwa ukutani na kuandika namba kwenye daftari. Dar es Salaam ni mji wa pwani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 na kukaa hapo, kuvu huota kwenye karatasi, na kwetu kiwango hicho hakisubiri masika. Umeme ukikatika usiku, viyoyozi vinazima, na asubuhi unakikuta chumba kina harufu ambayo kila mkutubi wa pwani anaijua. Hapo ratiba ya siku imeshavunjika. Tunawasha feni, tunafungua makabati yapate hewa, tunakagua kwanza vitabu vyenye majalada ya ngozi na gundi ya zamani, maana ndivyo vinavyoshikwa mapema. Mtumishi mgeni akiona ule unga wa kijani hukimbilia kitambaa chenye maji. Msifanye hivyo, nawaombeni. Kuvu mbichi ukiisugua unaizamisha ndani ya karatasi. Kitenge kitabu, kiache kikauke, kisha kifute kwa brashi laini ukiwa umevaa barakoa.

Mtaniuliza, kwa nini mtu mwandamizi ashughulike na unga wa kijani? Niwape mfano mmoja.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walipelekwa vijijini katika maeneo yaliyopigana Vita vya Maji Maji kati ya 1905 na 1907. Waliwahoji wazee. Pigeni hesabu: aliyekuwa kijana wa miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 alipoketi na wanafunzi wale. Waliyosikia yalipigwa taipu, yakarudufiwa, yakawekwa maktaba. Mpaka leo mwanahistoria wa vita vile, awe wa Songea au wa Berlin, analazimika kuyarejea, kwa sababu mafaili ya Wajerumani yanaeleza vita kama mtawala alivyoviona, na mahojiano yale yanaeleza jinsi wapiganaji na watoto wao walivyovikumbuka. Karatasi za kurudufia za miaka ile ni duni. Zina asidi ndani yake, zinageuka kahawia, na ukikunja pembe, pembe inakatika mkononi.

Anayetaka jarida la London akilikosa kwetu atalipata kwingine, leo au kesho. Mzee wa Umatumbini aliyehojiwa mwaka 1968 hahojiwi tena. Ndiyo maana naanza na kipima unyevu.

Watu husema, basi pigeni skani zote mweke mtandaoni, yaishe. Kuskani ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye maelezo yanayoambatana na picha: nani alihojiwa, kijiji gani, kwa lugha gani, nani aliuliza, nani alitafsiri. Faili lisilo na maelezo hayo halitafutiki, na lisilotafutika ni sawa na lililopotea. Kisha kuna swali la haki. Mzee alipokubali kuzungumza na mwanafunzi, je, alikubali pia maneno yake yasomwe na dunia nzima, pamoja na ugomvi wa ukoo alioutaja katikati? Yapo mahojiano ambayo mimi nimeamua yasomwe maktaba tu, mbele ya mkutubi. Mhadhiri akinilalamikia, namkaribisha ofisini tusome wote ukurasa unaohusika.

Saa nne hivi ndipo ninapofika kwenye barua pepe, na nyingi ni za fedha. Wachapishaji wakubwa wa majarida huuza kwa vifurushi, na bei hutajwa kwa dola. Shilingi ikiteleza, kifurushi kilekile cha mwaka jana kinakula bajeti ya vitabu vya mwaka huu. Tunapumua kwa sababu ya mipango kama Research4Life, iliyoanza mwaka 2002 na majarida ya afya chini ya Shirika la Afya Duniani, kisha ikaongezewa kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Taasisi za nchi zilizo katika kundi la maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, huyapata majarida hayo bila malipo. Kinachonisikitisha ni kumkuta mwanafunzi wa uzamili amelipa dola kwa kadi ya shemeji yake ili asome makala ambayo maktaba yake inayo. Kwa hiyo mchana mwingi napita kwenye idara kufundisha jinsi ya kutafuta. Mimi binafsi naona saa hizo ni bora kuliko za vikao vyangu vyote.

Saa hizohizo tunazungumzia majarida ya kilaghai. Barua inamfikia mhadhiri kijana ikimsifu kwa makala yake murua, ikimwahidi kuichapisha ndani ya wiki moja akituma ada. Namwambia akae chini tulikague jarida pamoja: wahariri wake ni akina nani na wenyewe wanajua kwamba wametajwa, linaonekana katika kanzidata gani, makala zilizotangulia zilisomwa na wajuzi au zilipitishwa tu. Kijana akitoka ofisini bila kutuma zile fedha, siku yangu imelipa.

Zamu ya dawati la marejeo bado naishika, ingawa cheo changu kinaniruhusu kuiacha. Siwezi kuiacha, maana pale ndipo unapojua watu wanatafuta nini. Binti mmoja alikuja akasema, "Naomba kitabu cha tenzi, mama." Ningeweza kumwonyesha rafu akaenda zake. Nikamwuliza, tenzi zipi? Za zamani. Zilizochapwa au bado hati za mkono? Akasita, kisha akasema anataka utenzi ambao haujahaririwa na mtu, na kwamba kusoma herufi za Kiarabu alifundishwa na babu yake Pangani. Kumbe huyu hakuja kutafuta kitabu. Nilimwandikia barua ya kumtambulisha kwenye maktaba ya Mlimani, yaani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako ziko hati za Kiswahili zilizokusanywa pwani na mtaalamu wa Kiswahili J.W.T. Allen, katalogi yake ilichapwa Leiden mwaka 1970. Msomaji haji na swali lake kamili. Anakuja na lile analodhani mkutubi ataliweza. Mkutubi mwema huuliza mara ya pili na ya tatu, kwa upole, bila kumfanya mtu ajione mjinga.

Uorodheshaji nao upo kila siku. Katika mfumo wa uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaotumika katika vyuo vikuu vingi vya kwetu, fasihi ya Kiingereza ina kundi zima la herufi PR, ya Marekani ina PS nzima. Kiswahili kimepewa PL 8701 hadi PL 8704, na riwaya, tamthilia na diwani zetu zote zinabanana kwenye hiyo namba ya mwisho. Maana yake ni kwamba herufi na tarakimu za mwandishi zinazofuata ndizo zinazobeba kila kitu. Mworodheshaji akizikosea, kitabu kipo jengoni lakini hakuna atakayekiona. Kwa hiyo nakala za Kiswahili nazikagua mwenyewe kabla hazijapanda rafuni.

Na vitabu vyenyewe vinafikaje? Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji wawasilishe nakala. Mchapishaji mkubwa anajua. Lakini mzee aliyeandika historia ya ukoo wake na kuichapisha kwa fedha ya korosho, nakala chache tu za kugawa msibani na harusini, hajawahi kuisikia sheria hiyo. Huyo unamfuata. Napiga simu, natuma watumishi kwenye maduka ya vitabu ya misikiti na ya makanisa, na mwenyewe nikipita kwa wauza vitabu wa barabarani Posta nainama kuangalia chini kabisa, kwenye vijitabu vyembamba. Namwambia mhasibu anunue nakala mbili. Risiti za barabarani zinamsumbua mhasibu, na kila mwaka tunabishana. Mimi sitaacha.

Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaingia Chuo Kikuu cha Cape Town, ukateketeza chumba cha kusomea cha Jagger pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo wao wa taaluma za Afrika. Milango ya kuzuia moto ilijifunga na kunusuru vilivyokuwa ghorofa za chini, ingawa maji ya kuzimia moto yalivilowesha. Chuo kile kina uwezo ambao wengi wetu hatuna. Wiki ile niliwaita watumishi wote tukapanga, kabati kwa kabati, kipi kitolewe kwanza ikiwa dakika ni chache, na orodha tukaibandika nyuma ya mlango. Haina vitabu vya bei kubwa. Ina vile visivyo na nakala pengine. Mnapoajiriwa, ulizeni siku ya kwanza kama orodha hiyo ipo.

Nimalize na jambo mnaloweza kulifanya likizo hii. Majumbani kwenu, chini ya vitanda na juu ya makabati, kuna masanduku: barua za babu, kumbukumbu za mikutano ya chama cha ushirika, hati za mashamba, tenzi zilizonakiliwa kwa mkono, magazeti ya mwaka wa uhuru. Msizitie selotepu, gundi yake inageuka njano na kula maandishi. Msizipeleke kwa mpiga laminesheni, maana hazitoki tena. Toeni pini zenye kutu, taratibu. Kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, andikeni ni za nani na zilikaa kwa nani, mkiwauliza wazee wangali wapo. Msizipange upya; mpangilio mlioukuta nao ni habari. Kisha ongeeni na maktaba ya chuo iliyo karibu. Familia isiyotaka kuachia hati zake tunaiheshimu: tunazipiga picha mbele yao, nazo zinarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Ahsanteni sana. Nimeona mikono miwili kule nyuma. Karibuni na maswali.