Usinipe Orodha, Nipe Kitabu Kimoja

(Mhadhara uliotolewa kwa wasomaji na waandishi katika maktaba ya Kaloleni, Nairobi)

Hamjambo wote. Mliosimama mlangoni, viti viko huku mbele, karibuni.

Nimeitwa niwatajie waandishi na blogu ninazozipenda, na naona wengi mmeshafungua madaftari. Naomba myafunge kwanza. Nikiwapa majina ishirini leo, mtayapiga picha, mtayatuma kwenye kundi la WhatsApp, watu watajibu kwa vidole gumba, na Jumatatu hakuna atakayekuwa amesoma hata ukurasa. Kila Disemba orodha za namna hiyo huzagaa: vitabu bora vya mwaka, waandishi wa kusomwa kabla hujafa. Orodha humpamba anayeitoa. Anayeipokea huachwa palepale alipokuwa. Nilichokuja kukitetea ni kazi ndogo kuliko hiyo, na ngumu zaidi: kumpa mtu mmoja kitabu kimoja, ukijua kwa nini yeye na kwa nini hicho.

Maktaba hii tuliyomo ni tawi la McMillan, ile ya katikati ya jiji yenye sanamu mbili za simba mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alipita nje. Lakini msidhani watu wetu walikaa wakingoja mlango ule ufunguliwe ndipo waanze kupeana maneno mazuri.

Chukueni Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki yapata mwaka 1840, na hakuacha kitabu. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu wa Mvita, huyu akimghania yule, hadi mwishoni mwa karne hiyo ambapo Mwalimu Sikujua na Mwingereza mmoja aliyeitwa Taylor waliyakusanya na kuyaandika. Diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1940. Yaani karne nzima bila mchapishaji, bila duka, bila uzinduzi wenye soda na keki. Kilichoyaokoa ni mtu kumshika mwenzake mkono barazani na kumwambia, hebu sikia hili. Na lile ambalo hakuna aliyelipenda kiasi cha kulighani limekwenda na upepo. Diwani tuliyo nayo leo imechaguliwa na wasomaji kabla haijamfikia mhariri yeyote.

Wa pili ni Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" na kwa ajili yake akafungwa miaka mitatu. Gerezani alitunga mashairi juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri. Mwaka 1973 yakatoka kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakatunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimtia ndani. Kenya yetu ina mambo! Mimi huwafikiria sana wale waliozishika karatasi zile kabla ya mchapishaji. Kupendekeza kazi ya mtu kuliwahi kuwa na gharama. Sisi tunaombwa tu tubonyeze.

Sasa nije kwenye ugonjwa wetu wa hapa Kenya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye kidonda.

Mkenya wa kawaida hukutana na riwaya ya Kiswahili ikiwa imevaa sare ya shule. Ni kitabu cha kutahiniwa. Anaisoma akitafuta dhamira, maudhui, sifa za wahusika na tamathali za usemi, na mara nyingi haisomi kabisa. Anasoma mwongozo wake. Akimaliza kidato cha nne anaitupa pamoja na soksi. Nendeni mkaangalie vitabu vya inama kule Tom Mboya, vile vinavyotandazwa chini kwenye turubali. Mtaikuta Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora kwa wingi. Fungueni yoyote. Pambizoni kuna biro ya bluu: "Mtemi Nasaba Bora, katili, mnafiki." Ukurasa wa pili, "taswira." Kisha "swali hili lilikuja." Mwanafunzi amepiga mistari nusu ya kwanza ya kitabu, na nusu ya pili ni safi kama imetoka kiwandani leo. Mwongozo ulimtosha.

Na mnajua riwaya ile ina nini ndani? Ina mwandishi aliyeiba mswada wa kijana na kuutoa kwa jina lake. Mwalimu Majisifu anapata sifa kwa jasho la Amani. Nyinyi waandishi mliomo humu, hilo si "maudhui ya wizi", hilo ni tishio linalowanyima usingizi kila mnapomtumia mtu mswada kwa baruapepe. Lakini nani amewahi kuwapa Kidagaa mkisome kwa sababu hiyo? Mlipewa kwa sababu ya alama.

Kwa hiyo anayependekeza kitabu cha Kiswahili Nairobi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kumvua mwenzake ile sare. Huwezi kumwambia mtu wa miaka thelathini na tano, "Soma riwaya hii, ina mafunzo mengi." Umemrudisha darasani na kiboko kiko mezani. Mwambie kuna mtu ameibiwa kitabu chake na mwizi anaheshimika kijiji kizima. Atakuuliza, halafu? Hiyo "halafu" ndiyo unayoitafuta.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwahi kuuza vitabu. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Riwaya yake ya Paradise ilitoka mwaka 1994, kwa Kiingereza, ikihusu pwani yetu hii na misafara ya bara. Alipata Nobel mwaka 2021. Mwaka 2022 ndipo ikatoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kazi safi kweli. Miaka ishirini na minane! Wema wa kitabu haukubadilika katika miaka hiyo yote. Ila ilibidi watu wa Stockholm wapige kelele ndipo sisi wenye lugha tukaamka. Chema kinahitaji wapagazi.

Kazi ya pili ni kumjua unayempa. Kuna mama mmoja muuza mitumba Gikomba, mteja nikawa mimi, tukazoeana. Siku moja akaniambia anataka kitabu cha Kiswahili cha kusoma mchana biashara inapolala. Mimi nikaanza: kuna mwandishi fulani, ana falsafa nzito... Akanikata. "Maandishi yake ni makubwa? Kinaingia kwenye mkoba huu? Nikiitwa na mteja katikati ya hadithi, nikirudi nitajua nilipokuwa?" Maswali yenyewe hayo, na hakuna mhakiki hata mmoja niliyewahi kumsoma anayeyajibu. Nikampelekea Siku Njema, ya Walibora huyohuyo, ya mwaka 1996. Kijana Kongowea anatoka Tanga kumtafuta baba yake, anavuka mpaka, anafika hadi Kitale. Ni hadithi ya safari. Ukiitwa na mteja, ukirudi unamkuta kijana bado yuko njiani. Alipoimaliza alinilaumu kwamba kijana yule bahati mbaya zinamfuata kupita kiasi. Na ni kweli, zinamfuata. Nilipompa nilimwambia mapema kwamba kuna sehemu mambo yanagongana kwa bahati tu, avumilie. Msifiche kasoro za mnachokipenda. Mtu ukimtajia kasoro moja ya kweli, sifa tatu utakazozitaja ataziamini.

Kwa yule anayesema riwaya za Kiswahili zina adabu mno, za kuhubiri hubiri tu, mimi humpa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Baba mlevi anampiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, anamfungia kila mlango, na msichana akitoka nje ya macho yake hajui lolote kuhusu dunia. Yanayomfuata huko si ya kusimulia mbele ya wakwe. Kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa muda, na mjue kwamba neno "marufuku" linauza kuliko tuzo yoyote. Kezilahabi huyohuyo ndiye aliyeandika Nagona na Mzingile, na hizo usimpe mtu anayeanza. Ukifanya hivyo umemfukuza. Mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yaliwagombanisha watu miaka ya sabini, na bado kuna wazee ambao ukiwatajia wanaweka kikombe chini. Kwa upande wangu, anayetaka kuanza ushairi namwanzishia na "Mamba" ya Abdilatif: mamba mtoni anajiona hakuna wa kumgusa. Ni shairi fupi, na msomaji wa nchi yoyote yenye wakubwa atamtambua mamba wake mwenyewe.

Blogu. Hapa nitakwenda mbio. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina alipata Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, kwa maandishi yaliyotokea mtandaoni, wakati ambapo wengi waliona mtandao ni mahali pa kutupia vitu. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? hapa Nairobi, na mwaka huohuo Yvonne Adhiambo Owuor akaipata tuzo ileile kwa hadithi iliyochapishwa humo. Kwa Kiswahili, Ndesanjo Macha wa Tanzania alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuandika blogu, akiiita Jikomboe, na aliwahimiza wengine waanzishe zao. Hapa jijini Jackson Biko amewazoesha watu kusoma makala ndefu kwenye simu, kwa Kiingereza lakini kuhusu maisha ya watu wa huku kwetu.

Sasa, ukimtumia mtu anwani ya blogu nzima umemtupa baharini. Blogu hutanguliza makala ya jana, na ya jana huenda mwandishi aliiandika akiwa na homa. Tuma makala moja. Mwambie, soma hii, ukiipenda kuna nyingine ya aina hii. Tena blogu hufa. Mwenyewe anachoka, au anasahau kulipia jina la tovuti, na asubuhi moja unakuta pale palipokuwa na insha kuna tangazo la kamari. Mnazozipenda zihifadhini kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za tovuti, ni bure, unabandika anwani tu na inabaki. Hilo mtu yeyote mwenye simu anaweza kulifanya kabla ya chai.

Kwa waandishi nina neno moja lisilo tamu. Tumeingia katika nisifu nikusifu. Mimi nakuita "gwiji" kwenye jalada lako, wewe unaniita "malenga" kwenye uzinduzi wangu, na wasomaji si wajinga, wameshatushtukia. Ukitaka kuwasaidia wasomaji wako, waambie ulijifunza kwa nani, hata kama huyo ni hasimu wako. Washairi wa kurasa za mashairi za Taifa Leo wanatushinda katika hili. Wanajibizana kwa majina na lakabu, huyu anampinga yule beti kwa beti, na ili umpinge mtu kwa vina vyake mwenyewe lazima uwe umemsoma.

Maswali? Haya, dada wa kitambaa cha kijani.

Anauliza: rafiki yake amechapisha kitabu, anataka asifiwe hadharani, na kitabu ni kibaya. Nunua nakala, kwa bei kamili, usiombe ya bure. Tafuta ukurasa mmoja mzuri humo ndani, na mara nyingi haukosekani, uutaje huo kwa namba yake. Usipoupata, nyamaza, mfanyie urafiki kwa njia nyingine. Lakini usimpelekee mtu wa tatu. Huyo hakukosea kitu.

Na kijana hapo nyuma anasema vitabu vya zamani havipatikani madukani, na PDF ziko, afanyeje. Nimeliona hilo swali likija. Kurusha kitabu kizima cha mwandishi aliye hai kwenye kundi la watu mia mbili ni kumla jasho lake, tusitafute jina jingine. Anza na Maktaba ya Taifa pale Upper Hill, uliza kaunta usiishie kwenye rafu. Kisha wauza vitabu wa inama: waachie namba yako na jina la kitabu, wanajuana wao kwa wao kuliko kompyuta yoyote. Kama ni kitabu cha Tanzania, mabasi ya Dar yanaingia hapa na yanabeba mizigo. Kusanyaneni watano, agizeni nakala tano kwa pamoja, gawaneni nauli. Na hapo tayari mko watano mnaosoma kitabu kimoja.