Ndama Anapewa Dang'a, Mtoto Ananyimwa

Wengine mmeshanisikia nikilisema hili kliniki. Leo nalirudia.

Ng'ombe akizaa usiku, mfugaji analala? Halali. Anakesha zizini na tochi mpaka ndama asimame, na ndama akishindwa kuifikia chuchu, anamshika na kumwelekeza. Anajua ndama aliyekosa dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, anaweza kuharisha na kufa. Ndama huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Kinga yake imo kwenye yale maziwa mazito ya njano, na siku moja ikipita utumbo wake hauipokei tena. Mfugaji hakuyasomea hayo. Amezika ndama.

Sasa nimeingia nyumba yenye zizi la namna hiyo, nikamkuta binti amejifungua alfajiri na mama mkwe anamkamua dang'a, linamwagwa chini. Eti ni chafu, limekaa kifuani miezi yote. Pembeni kikombe cha maji ya vuguvugu yenye sukari, ndiyo ya mtoto. Nikamuuliza: mama, la ng'ombe mlilimwaga? Akanyamaza, kisha mwenyewe akamwinua mtoto akampa mama yake.

Mtaniambia mtoto si ndama. Kweli, mtoto huja na kinga kiasi aliyoipata kupitia kondo la nyuma. Lakini utumbo wake bado mchanga, na dang'a ndilo linaloupaka kinga kabla maji ya kisima hayajaufikia. Tena humsaidia kutoa kile kinyesi cheusi cha kwanza. Ndani ya saa moja awe ameshanyonya!

Mtasema siku ya kwanza maziwa hayatoki. Yanatoka kidogo, na tumbo lake linataka kidogo: kama kijiko kimoja cha chai kwa mara moja. Ukimjaza maji hanyonyi. Asiponyonya maziwa yanachelewa. Yakichelewa mnasema mama hana maziwa. Mmeyazuia wenyewe.

Sijaja kuvunja mila. Supu, uji wenye pilipili manga, siku arobaini mzazi akipumzika: hayo yashikeni, yanamjenga mama.

Asali, hapana, mpaka atimize mwaka. Inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto hadi ashindwe kupumua. Miezi 6 maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, hata jua liwe kali namna gani. Kina mama wenye VVU, mnanyonyesha huku mkimeza dawa bila kuruka. Hilo lina siku yake, njooni kliniki.

Muda umeniishia, na kina bibi kule nyuma hawajasema neno. Shikamoo bibi, anza wewe.