Mti ndani ya ndoo: haidroponiki kwa mimea ya kudumu

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshajaribu haidroponiki, yaani kuotesha mimea bila udongo kwa maji yenye mbolea: mmeotesha saladi kwenye mabomba mkavuna vizuri. Sasa mnataka mlimau, mtini, au pilipili ya kuzaa miaka mitatu. Nawaomba, kabla ya kununua pampu, fikirieni mzizi.

Saladi huondoka kabla mzizi wake haujaleta taabu. Mti hauondoki. Niliwahi kupanda nyanya kwenye bomba la inchi nne. Mwezi wa tatu maji yakaanza kufurika. Nilipofungua nikakuta mizizi imesokotana kama mkeka, imeziba bomba zima, katikati imegeuka kahawia na inanuka. Majani bado yalikuwa kijani kibichi! Hilo linanitisha hadi leo: majani hutoa habari kwa kuchelewa.

Kwa hiyo kila mmea upewe chombo chake: ndoo ya lita 20 kwa pilipili, pipa la lita 60 au zaidi kwa mti mdogo. Jaza mawe mepesi ya volkano. Makapi ya nazi ni mazuri, lakini miaka ikienda huoza na kushikana, na kuyabadilisha chini ya mti uliosimama ni kuukata mizizi. Tundu la kutolea maji litoboe ubavuni, sentimita 5 kutoka chini, wala si kwenye kitako. Maji yanayobaki pale ndiyo akiba yako siku umeme ukikatika.

Joto la maji nalo msilipuuze. Kwa nyuzi 20 lita moja hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Kwa nyuzi 30 hushuka hadi 7.5 hivi, wakati huohuo mizizi ikihitaji hewa zaidi na vimelea vya kuiozesha vikishamiri. Weka tangi la maji hayo kivulini, na lisipenyeze mwanga, la sivyo mwani utajaa. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ibaki kati ya 5.5 na 6.5. Chumvi za mbolea hujilimbikiza kwenye mawe, basi mara kwa mara mwagia maji matupu mpaka yatiririke.

Wenye roshani, pigeni hesabu ya uzito: lita moja ya maji ni kilo moja, bado mawe na mti wenyewe.

Na kila ndoo iwe na koki yake, ili mmea mmoja ukiugua uufungie bila kuinyima maji mingine.