Chungu, Kitanda na Madeni: Kuzisaka Familia za Kikatoliki za Maryland kwenye Majalada ya Mirathi

Wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Nilikaa masjala ya mahakama miaka 19 kabla sijastaafu na kumfuata binti yangu huku Marekani, jimbo la Maryland. Mliowahi kukaa masjala mnajua kwamba karani halisomi jalada kama hadithi. Analikagua kama mzigo wa bandarini: muhuri upo? Sahihi zimetimia? Ada imelipwa? Nilidhani kazi hiyo nimeiacha nyumbani. Kumbe jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, Mkatoliki wa kusali kila siku, alikuwa akiusaka ukoo wake uliofika hapa zama za ukoloni wa Mwingereza, na macho yameanza kumsumbua. Nikamwambia kama ambavyo ningemwambia mtu wa Kibosho au Peramiho: mama, tuanzie parokiani, tuombe daftari la ubatizo.

Akacheka. “Daftari gani? Kanisa walilitia kufuli.”

Na kweli walilitia kufuli. Maryland ilianzishwa kwa hati ambayo Mfalme Charles wa Kwanza alimpa Cecilius Calvert, bwana mkubwa Mkatoliki, mwaka 1632. Merikebu mbili, Ark na Dove, zikaleta watu, na tarehe 25 Machi 1634 Padri Andrew White, Mjesuiti, akawasomea Misa kwenye kisiwa kidogo cha St. Clement's. Wakubwa wa msafara wengi walikuwa Wakatoliki, ila watumishi wao kwa sehemu kubwa walikuwa Waprotestanti, na hapo ndipo penye chanzo cha mengi yaliyofuata. Mwaka 1649 ikatungwa sheria ya kuvumiliana kidini. Mwaka 1689 Waprotestanti wakapindua serikali. Kufika 1692 Kanisa la Uingereza likawa ndilo la dola, kila anayelipiwa kodi ya kichwa akitozwa ratili 40 za tumbaku kwa ajili yake, Mkatoliki asisalimike. Mwaka 1704 mkuu wa polisi wa kaunti akaamriwa kufunga kanisa la matofali la St. Mary's City. Kura wakanyang'anywa 1718. Mwaka 1756 kodi ya ardhi ya Mkatoliki ikafanywa mara mbili ya ile ya mwenzake.

Misa zikahamia majumbani. Padri alitembea na farasi shamba hadi shamba, na akibatiza mtoto, mara nyingi aliyeshuhudia ni ukuta na wazazi. Madaftari ya ubatizo ya zama hizo yaliyobaki ni machache, nayo ni ya mwishoni mwishoni. Kwa hiyo anayezitafuta familia hizi kanisani atakuta mlango umefungwa hata leo.

Lakini hakuna sheria inayomzuia mtu kufa akidaiwa. Na akifa akidaiwa, mahakama itamwandika.

Maryland ilikuwa na mahakama moja kuu ya mirathi kwa koloni zima, yenye manaibu wake kwenye kaunti, hadi 1777. Naibu alipokea wosia au maombi ya usimamizi, kisha mambo yakanakiliwa kwenye vitabu vya makao makuu. Utaratibu huo wa kunakili, unaoonekana kama urasimu wa kuchosha, ndio uliotuokoa. Mwaka 1831 jengo la mahakama la kaunti ya St. Mary's, pale Leonardtown, liliungua na kumbukumbu nyingi za kaunti zikateketea. Nakala za mirathi zilikuwa Annapolis, makao makuu. Ziko hadi leo, katika hifadhi ya nyaraka za jimbo.

Nilipofungua jalada la kwanza nilijisikia niko nyumbani. Sisi Tanzania sheria ya mirathi tuliirithi kutoka kwa Mwingereza huyohuyo: msimamizi anaapa, analeta orodha ya mali ndani ya miezi 6, analeta hesabu ndani ya mwaka. Maryland karne ya 17 mwendo ni uleule. Wosia, orodha ya mali, hesabu. Lugha ni ya kale, mwandiko kama wa kuku aliyekanyaga wino, ila karani wa mirathi anajua ukurasa unaofuata utasema nini.

Watu hukimbilia wosia. Mimi nawaambieni, anzeni na orodha ya mali. Wosia ni wa mtu anayejipanga aonekane vizuri. Orodha inaandikwa na majirani wawili walioapishwa, wanaoingia chumba kwa chumba wakati marehemu hawezi tena kuficha kitu. Godoro la manyoya na mito yake, bei hii. Nalo mara nyingi ni ghali kuliko ng'ombe. Chungu cha chuma chenye ufa. Sahani za risasi na bati, zimepimwa kwa ratili. Vitabu vikuukuu, bila jina la kitabu hata kimoja. Nguruwe waliokimbilia msituni, nao wameandikwa, wakionekana. Kila kitu kwa paundi za Kiingereza au kwa ratili za tumbaku, maana tumbaku ndiyo iliyokuwa fedha.

Kisha angalieni chini ya ukurasa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18, orodha ya Maryland haikutimia bila sahihi nne zaidi ya zile za wathamini: wadai wawili wakubwa, na ndugu wawili wa karibu wa marehemu. Ndugu wawili! Hapo ndipo nilipopiga meza. Mahakama haikuwa na haja ya kujua ukoo wa mtu. Ilitaka tu wenye haki waone orodha, wasije kuleta fitina baadaye. Ila kwa kuwataka watie sahihi, au alama ya msalaba kwa asiyejua kuandika, imetuachia ushahidi wa undugu ambao padri hakuweza kuuandika.

Hesabu za msimamizi nazo zina siri yake, hasa ya wanawake. Mume amekufa, mjane ndiye msimamizi. Mwaka haujaisha, hesabu inaletwa na mwanamume mwenye jina jingine, na karani ameandika: fulani na mkewe, aliyekuwa mjane wa marehemu. Basi mmeshampata ameolewa na nani, na takriban lini. Kule watu walikufa mapema kwa homa na wajane waliolewa upesi, hivyo nyumba moja inaweza kuwa na watoto wa baba watatu.

Na hapo lugha inatutega. Hati za enzi hizo zikimtaja mtu kwa neno ambalo Kiingereza cha leo kinalitumia kwa mkwe, anaweza kuwa mtoto wa kambo. Neno la binamu linaweza kuwa la mpwa. Wazungu wenyewe wanateseka sana na jambo hili. Sisi, tunaoita baba wadogo watatu “baba” na mtoto wa shangazi “ndugu yangu”, tunaingia humo bila viatu, kama nyumbani kwetu.

Tarehe ndiyo iliyoniangusha mimi. Mwaka wa Kiingereza, hadi 1752, ulianza tarehe 25 Machi. Januari ilikuwa mwishoni mwa mwaka. Nilijua hilo kichwani, mkono ukasahau, nikampa jirani yangu babu aliyeandika wosia miezi kadhaa baada ya kuzikwa. Wiki nzima tulimshangaa huyo babu.

Tazameni mfano ambao ni wa watu maarufu. Gavana Leonard Calvert, mdogo wake Cecilius, alikufa Juni 1647. Wosia hakuuandika, alitamka kitandani mbele ya mashahidi kwamba msimamizi wake ni Margaret Brent, na maagizo yake yote yalikuwa mafupi kuliko salamu zetu: chukua vyote, lipa vyote. Mtu asiyejua kalenda akifungua kumbukumbu za baraza ataona Margaret Brent anasimama kudai kura Januari 1647, yaani, kwa hesabu yetu, gavana bado mzima. Ile ni Januari 1648. Na karani kamwandika kwa lile neno la Kiingereza, “Mrs”, ambalo leo ni la mke wa mtu, wakati bibi yule hakuolewa maisha yake yote. Zama zile lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke wa daraja lake.

Alidai kura mbili: moja yake mwenyewe, moja kama mwakilishi wa mwenye koloni. Walimnyima. Lakini sisi watu wa mirathi tutazame alichokifanya na mali. Gavana alikuwa amekodi askari kuukomboa mji kutoka kwa maharamia wa Richard Ingle, nahodha Mwingereza aliyelivamia koloni, akafa hajawalipa. Chakula kikapungua, askari wakaanza kunung'unika na silaha mkononi. Mali ya marehemu haikutosha. Margaret Brent akauza ng'ombe wa Cecilius Calvert mwenyewe, aliyekuwa Uingereza, akawalipa. Mwenye ng'ombe alipokasirika, baraza lilelile lililomnyima kura likamwandikia kwamba koloni lilikuwa salama mikononi mwa mama huyu kuliko lingekuwa kwa mwanamume yeyote. Nimeona wasimamizi wengi. Wa namna hiyo sijaona.

Mtu ataniuliza: utajuaje kwamba familia ni ya Kikatoliki, ikiwa hati haisemi? Kwa harufu. Marehemu amemwachia tumbaku “rafiki” mmoja asiye ndugu wala mdai: chunguzeni, huenda ni padri, kwa sababu mapadri mara nyingi waliandikwa kama mabwana wa kawaida. Mtoto wa kiume anatumiwa fedha Saint-Omer, bara Ulaya, kwenye shule ya Wajesuiti wa Kiingereza. Familia zilezile zinaoana kizazi baada ya kizazi. Na mapadri wenyewe, watu wasio na watoto, wana wosia! Wajesuiti hawakuweza kumiliki mashamba kama shirika, basi shamba liliandikwa jina la padri mmoja, naye akamrithisha padri mwenzake, huyo naye mwingine. Kuanzia 1785 familia nyingi za Kikatoliki zilihamia Kentucky, lakini huko kuna majalada yake, sitaingia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka, na haliruki. Katika orodha zile, baada ya magodoro na kabla ya ng'ombe, kuna watu. Jina moja tu, umri, bei. Mzee ameandikwa hana thamani. Mtoto mchanga ameunganishwa na mama yake kwa bei moja. Mashamba ya Wakatoliki hawa, ya mapadri yakiwemo, yalilimwa na watumwa.

Mwaka 1681 Nell Butler, Mwairishi aliyeletwa kama mtumishi wa Charles Calvert, mwana wa Cecilius, aliolewa na mwanamume mweusi aitwaye Charles, mtumwa wa Meja William Boarman, Mkatoliki mwenye ardhi pana. Padri aliwafungisha ndoa. Bwana Calvert alimwonya siku hiyo kwamba anajitia utumwani, yeye na uzao wake. Bibi harusi, kwa mujibu wa mashahidi, akamjibu kwamba afadhali kulala na Charles kuliko na mheshimiwa mwenyewe. Chekeni tu, mahakama iliyaandika. Sheria ya 1664 ilisema mwanamke huru akiolewa na mtumwa atamtumikia bwana wa mumewe muda wote mume akiwa hai, na watoto watakuwa watumwa. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka huohuo wa harusi, lakini uzao wa Nell ulishikiliwa.

Watu wawili wa uzao wake waliooana, William na Mary Butler, walishtaki. Wazee wa jirani waliapishwa: mimi, umri wangu miaka kadha, nilimwona Nell akiwa kikongwe, nilisikia kwa baba yangu habari za harusi. Ushahidi ule ni ukoo mzima, umeandikwa na makarani waliokuwa wakifanya kazi yao tu. Mwaka 1770 mahakama iliwapa uhuru. Mwaka 1771 rufaa ikaufuta.

Mwaka 1787 binti yao, naye Mary, akamshtaki Adam Craig, aliyekuwa akimshikilia utumwani. Nell ni yuleyule, harusi ni ileile. Safari hii hoja ikasimama mahali pa masjala: kama Nell aliingia utumwani kwa kuvunja sheria, iko wapi hukumu iliyomtia hatiani? Mahakama gani, siku gani? Haikuwepo. Hakuna aliyewahi kumshtaki Nell. Bila hukumu iliyoandikwa, mahakama ikasema, uzao wake hauwezi kushikwa. Mary akawa huru, na rufaa ya 1791 ikathibitisha. Baadaye wengine wakafuata njia hiyo ya mahakamani. Edward Queen alimshinda Padri John Ashton, Mjesuiti, mwaka 1794. Wengi hawakufuata wala hawakuweza, na mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 Louisiana kwa dola 115,000.

Miaka yote 19, karatasi ikikosekana kwenye jalada, karani ndiye aliyeitwa kujieleza. Nilipoisoma kesi ya Mary Butler nilikaa kimya kidogo.

Jirani yangu tulimpatia orodha ya babu yake. Kitanda, vyungu, farasi kipofu wa jicho moja, sahihi za ndugu wawili, mmoja wao ameweka alama. Alifurahi mno. Kisha akaniuliza mistari ile ya katikati inasema nini, maana nilikuwa nimeiruka wakati namsomea. Nikamsomea. Majina tisa. Akanyamaza, halafu akaniambia niwanakili na hao kwenye karatasi yao, tuwatafute kila mmoja alikwenda kwa mrithi yupi, kwenye wosia upi. Hadi jana tulikuwa tumefika jina la nne.

Nimekula muda wenu. Karibuni maswali.