Mkasi Mmoja Wenye Kutu: Sialkot, Tuttlingen na Utawala wa Makongano ya Viwanda

Mabibi na mabwana, chukueni mkasi wa upasuaji. Umetengenezwa Sialkot, Pakistan, na umepita karakana kadhaa: huku umefuliwa, kule umechongwa, kwingine umepikwa tanuruni, kisha ukang'arishwa. Lakini jina lililochapwa juu yake huenda ni la kampuni ya Tuttlingen, kusini mwa Ujerumani. Makongano haya mawili, yaani mikusanyiko ya viwanda vya kazi moja mahali pamoja, hugombea wateja wale wale, na huku yanauziana mali.

Mwaka 1994 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilizuia vifaa vya Sialkot kwa hitilafu za ubora. Makini na mzembe wakafungiwa mlango mmoja. Hapo ndipo washindani waliofichana bei jana walipolazimika kukaa meza moja. Chama cha watengenezaji, kwa msaada wa serikali, kikaleta washauri wa Kimarekani kufundisha viwanda taratibu za uzalishaji.

Kosa lenyewe, yaani kutu, hutokeaje? Chuma hiki kisichoshika kutu hupozwa ghafla kutoka joto la kama 1,000°C, kisha hupashwa tena kukipunguzia wepesi wa kuvunjika. Fundi akikipasha karibu 500°C, kaboni hunasa kromi inayokikinga, na kutu inapata njia. Au chembe za chuma cha kawaida kutoka kwenye tupa zimebaki juu, na aliyetakiwa kukichovya kwenye asidi ya naitriki ili kuziondoa ameruka hatua hiyo kuokoa gharama. Tumbukiza mkasi kwenye myeyuko wa salfeti ya shaba kwa dakika 6: ukitoka na madoa mekundu ya shaba, chembe zimo.

Kipimo ni rahisi. Kigumu ni kukubaliana nani apime, wapi, na fungu la mikasi likishindwa kipimo nani alipe. Mng'arishaji atamlaumu mwenye tanuru, na mwenye tanuru aliyeuza chuma. Kwa hiyo makubaliano yadai namba ya fungu la chuma iandamane na mzigo kutoka karakana hadi karakana, na sampuli ipimwe kabla ya kila makabidhiano. Baina ya miji, mkataba umtaje mtengenezaji kisheria: chini ya kanuni mpya za Ulaya za vifaa tiba, zilizoanza kutumika 26 Mei 2021, ndiye anayebeba nyaraka na lawama, hata kama hakushika nyundo.

Kuhusu fedha za maabara ya pamoja ya vipimo, mimi napendelea tozo kwa thamani ya mzigo unaosafirishwa kuliko ada ya mwaka, maana ada hulipwa na waungwana tu na maabara inahudumia wote. Kuchangia kwa pamoja Sialkot wanakujua: uwanja wao wa ndege, uliofunguliwa 2007, umejengwa kwa fedha za wafanyabiashara wa mji.

Pamoja na hayo, vyama vya namna hii huangukia mikononi mwa wasafirishaji wakubwa. Wao wanaandika kipimo, na karakana ya watu watano inayong'arisha kwa vipande inakisikia mzigo unaporudishwa. Ipeni kura kwenye kamati ya ubora, na bei ya kipande ihesabu hiyo asidi.