Mwenye Pete na Mwenye Nguo Mbovu: Mhadhara Juu ya Unyofu wa Moyo Katika Imani ya Kikristo

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumze juu ya unyofu wa moyo katika imani ya Kikristo, na hasa namna imani hiyo inavyoutanguliza moyo mbele ya mali na mwonekano wa nje. Nitaanza na watu wawili wanaoingia katika mkutano wa ibada, maana ndivyo alivyoanza Yakobo katika sura ya 2 ya waraka wake. Wa kwanza ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri. Wa pili amevaa nguo mbovu. Wa kwanza anaambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri." Wa pili anaambiwa asimame pale, au aketi miguuni pa msemaji.

Tuangalie Yakobo anamlaumu nani. Hapa hamlaumu mwenye pete, ingawa mistari michache mbele anawakumbusha wasomaji wake kwamba matajiri ndio wanaowaburuta mbele ya mahakama. Wala hamsifu maskini kwa utakatifu, kwa kuwa hatuambiwi lolote juu ya moyo wake. Lawama inamwangukia mtu wa tatu, yule anayegawa viti. Huyu amewapima wageni wawili kwa kufumba na kufumbua, wala hakuwa na kipimo kingine ila nguo. Yakobo anawaita watu wa namna hiyo waamuzi wenye mawazo mabovu. Tunapozungumza juu ya mali na unyofu, tumezoea kutafuta kasoro kwa mwenye mali. Yakobo anaitafuta kwanza kwa anayemtazama.

Kanisa la mwanzo lililichukua neno hilo kama agizo la utendaji. Didaskalia, kitabu cha maagizo ya kanisa kilichoandikwa Siria katika karne ya 3, kinamwagiza askofu kwamba akiingia mzee maskini na nafasi imekwisha, yeye mwenyewe ampishe, hata ikimbidi askofu huyo kuketi chini. Katika karne ya 6, Benedikto aliwaagiza watawa wake, katika sura ya 53 ya Kanuni yake, wawapokee maskini na mahujaji kwa uangalifu wa pekee, akatoa sababu inayoonyesha kwamba aliwajua wanadamu vizuri: tajiri hahitaji kuwekewa kanuni ili aheshimiwe, kwa kuwa hofu ya watu mbele yake inatosha kumpatia heshima.

Wala tusidhani kwamba kudanganywa na macho ni udhaifu wa watu wa kawaida peke yao. Samweli alikuwa nabii, na alipofika Bethlehemu katika nyumba ya Yese kutafuta mfalme, alimwona Eliabu, mzaliwa wa kwanza, akaamini papo hapo kwamba huyo ndiye. Na hilo lilitokea baada ya mfalme Sauli, ambaye alikuwa mrefu kuliko watu wote kuanzia mabega kwenda juu, kumvunja moyo. Nabii alikuwa karibu kuchagua kimo kwa mara ya pili. Ndipo akaambiwa maneno ambayo Wakristo wengi wanayajua kwa moyo: "Wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo." Wana saba walipita, kisha akaitwa wa mwisho aliyekuwa akichunga kondoo. Msimuliaji, na jambo hili hunifurahisha kila nisomapo sura hiyo ya 16 ya Samweli wa Kwanza, hasemi kwamba Daudi alikuwa na sura mbaya. Anasema alikuwa na macho mazuri na umbo la kupendeza. Uzuri haukumpa Daudi ufalme, na haukumnyima.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulieleza leo. Maandiko hayapigi vita nguo kwa kuwa ni nguo, wala fedha kwa kuwa ni fedha. Yanapiga vita pengo lililopo kati ya kinachoonyeshwa na kilichomo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na Yesu, katika sura ya 23 ya Mathayo, alitumia maneno makali zaidi alipowafananisha waandishi na Mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa. Lakini pengo hilo halikai kwa waliovaa vizuri peke yao. Linaweza kukaa ndani ya nguo mbovu pia, na linaweza kukaa katika ibada yenyewe.

Katika sura ya 6 ya Mathayo, Yesu anataja matendo matatu ambayo hakuna mcha Mungu atakayeyakataa: kutoa sadaka, kusali na kufunga. Katika yote matatu anaonya juu ya mtu anayeyafanya ili atazamwe, na katika yote matatu anasema mtu huyo amekwisha kupata thawabu yake. Alitaka kuonekana, akaonekana. Hana deni analoweza kumdai Mungu. Kuhusu kufunga, onyo lake linageuza mategemeo yetu juu chini. Wanafiki, anasema, huzikunja nyuso zao ili watu watambue kwamba wamefunga. Huo nao ni mwonekano, ila ni mwonekano wa unyonge. Na dawa anayoitoa ni kujipaka mafuta kichwani na kunawa uso. Kwa hiyo mtu nadhifu, aliyejitengeneza, anaweza siku hiyo kuwa mnyofu kuliko jirani yake mwenye uso uliosawijika na midomo iliyokauka. Wanaodhani kwamba unyofu una mavazi yake maalumu, kwamba ukivaa duni umekwisha kuwa mnyenyekevu, wangefanya vema kukaa na fungu hilo kwa muda mrefu.

Kisa kinacholieleza jambo hili kwa ukali kuliko vyote kimo katika sura ya 5 ya Matendo ya Mitume. Barnaba alikuwa ameuza shamba lake na kuleta fedha miguuni pa mitume. Anania na mkewe Safira wakauza kiwanja chao, wakazuia sehemu ya thamani, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Kisa hiki mara nyingi huhubiriwa kama onyo kwa wanaotoa kidogo, na nionavyo mimi, kuhubiri hivyo ni kukisoma nusu. Petro anasema waziwazi kinyume chake: "Kilipokuwa kwako, hakikuwa mali yako? Na kilipokwisha kuuzwa, thamani yake haikuwa katika uwezo wako?" Anania angeweza kubaki na kiwanja chote. Angeweza kuleta nusu na kusema kwamba hii ni nusu. Kosa halikuwa kiasi; kosa lilikuwa kutaka sifa ya Barnaba bila gharama ya Barnaba. Na tazama namna Safira anavyopewa nafasi: saa tatu baadaye anaulizwa swali moja tu, kama walikiuza kwa bei hiyo. Swali linahusu ukweli. Ukarimu hautajwi.

Mjane wa Marko 12 ni mwenzake Anania kwa upande wa pili. Katika ua wa hekalu la Yerusalemu palikuwa na masanduku ya sadaka, 13 kwa hesabu ya Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, na matajiri walikuwa wakitia mengi. Mjane akatia sarafu mbili ndogo kuliko zote zilizokuwa katika mzunguko. Dinari moja, ambayo ndiyo ujira wa kibarua wa siku katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ilikuwa sawa na sarafu kama hizo 128. Hakuna mweka hazina ambaye angegundua kama zingekosekana. Tena zilikuwa mbili, na moja angeweza kubaki nayo.

Lakini lazima tusome kilicho kabla na kilicho baada. Mstari unaotangulia unawalaani waandishi wanaopenda kutembea na mavazi marefu na kusalimiwa masokoni, huku wakila nyumba za wajane. Na mara baada ya kisa hiki, mwanafunzi mmoja anamwambia Yesu atazame mawe na majengo jinsi yalivyo mazuri, naye anajibiwa kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Mjane yuko katikati ya mavazi marefu na mawe makubwa, na ni Yesu peke yake anayemwona. Anayemtumia mjane huyu kuwakamulia maskini sadaka, kisha akarejea katika fahari yake, amejiweka bila kujua katika mstari wa juu.

Kuhusu matajiri wenyewe sitakaa sana. Zakayo alitoa nusu ya mali yake. Lidia aliyeuza rangi ya zambarau aliwafungulia Paulo na wenzake nyumba. Yusufu wa Arimathaya alitoa kaburi lake jipya. Hawakukataliwa. Aliyekataliwa ni yule aliyeigeuza mali kuwa ushahidi wa hali yake mbele za Mungu, kama kanisa la Laodikia katika Ufunuo sura ya 3 lililosema, "Mimi ni tajiri, wala sina haja ya kitu." Mji huo ulibomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 60, na mwanahistoria Tasito anaeleza kwamba ulijijenga upya kwa mali yake wenyewe bila msaada wa Roma. Kiburi cha mji kilikuwa kimehamia kanisani. Kanisa la Smirna, kwa upande wake, linaambiwa kwamba katika umaskini wake ni tajiri.

Sasa nije kwenye hila ninayoisikia mara nyingi. Mtu husema, "Mungu huangalia moyo," na kwa maneno hayo akajipa ruhusa ya kutofanya lolote. Manabii hawakumwachia njia hiyo. Yoeli anasema tuirarue mioyo yetu wala si mavazi yetu. Amosi, katika sura ya 5, anaikataa kelele ya nyimbo za ibada, kisha anadai hukumu itelemke kama maji. Yakobo naye anamtaja mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Maneno yale yana upole wote wa moyo, ila moyo wenyewe haumo.

Askofu Yohana Krisostomo, aliyefariki uhamishoni mwaka 407, alipohubiri juu ya Injili ya Mathayo aliwaonya waumini wasimheshimu Kristo kanisani kwa vitambaa vya hariri huku wakimwacha nje akiteseka kwa baridi na uchi. Hakuwaagiza waondoe vyombo vya ibada. Aliwataka waanze na mwenye njaa, kisha kilichobaki kiipambe meza. Mpangilio huo ndio unaouonyesha moyo, kwa kuwa fedha iliyotumika kwanza husema kile ambacho mwenye fedha hakukisema.

Hata hivyo Krisostomo aliuhukumu mpangilio wa matumizi, hakudai kuiona siri ya mtu. Mpaka huo nauona wa lazima, kwa sababu mtu akikwisha kuamini kwamba moyo ni mkuu kuliko sura, hushawishika kuwa mkaguzi wa mioyo ya wenzake, akamwona kila aliyevaa vizuri kuwa mnafiki. Huyo amerudi kwenye kazi ya kugawa viti, tofauti ni kwamba sasa mwenye pete ndiye anayeambiwa asimame pale. Paulo alijizuia na kazi hiyo hata juu yake mwenyewe. Aliwaandikia Wakorintho, "Wala sijihukumu hata nafsi yangu," akaongeza kwamba kutojua kosa lolote ndani yake hakumfanyi kuwa na haki, na kwamba Bwana ndiye atakayeyadhihirisha mashauri ya mioyo. Aliyaandika hayo katika waraka uleule ambamo, sura saba mbele, anawakemea bila kusita wanaokula na kulewa katika karamu ya Bwana huku wasio na kitu wakibaki na njaa. Meza aliihukumu, mioyo akamwachia Bwana mwenyewe.